Daktari wa taya ananisifu mbele ya wanafunzi, na hajui kuhusu misumari

Mshauri wetu, shikamoo. Naomba msaada, na naomba usinicheke mpaka ufike mwisho, ukishafika mwisho cheka tu, maana hata mimi nikiisoma barua hii nacheka upande mmoja, wa kushoto, wa kulia hauna nafasi hiyo tena. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo mwandiko utauvumilia. Safu yako naisoma siku zote, ila gazeti likifika kwetu huwa limeshafungia chakula, kwa hiyo mara nyingi swali la mtu nalipata zima na jibu lako nalipata na mafuta.

Mimi ni fundi wa mbao, si wa makabati wala vitanda, ni wa zile mbao zinazofungwa ili zege limwagwe ndani yake, likishakauka tunabomoa kazi yetu kwa mikono yetu, na mwenye jengo akihamia hata hajui kama tuliwahi kuwepo. Nina miaka hamsini na sita, niko mbali na nyumbani mwaka wa tano huu, tunalala wanaume wanne chumba kimoja nyuma ya jengo, mke wangu na watoto wako kwetu, safari ya siku mbili.

Miaka miwili iliyopita nilikutwa na saratani ya tezi dume, na wakati wanaigundua ilikuwa imeshatuma wajumbe kwenye mifupa, nyongani na mgongoni. Daktari wa saratani akanianzishia matibabu, na pamoja nayo sindano ya kuimarisha mifupa, moja kila mwezi. Nikwambie kweli, mshauri, sindano ile ilinisimamisha, kwa sababu kabla yake nyundo ikianguka chini nilikuwa naitazama kwanza nifikirie kama kweli naihitaji. Mke wangu anajua habari ya saratani. Kazini hajui mtu, maana msimamizi wetu, tunayemwita Saa Ngapi kwa sababu hiyo ndiyo salamu yake asubuhi na jioni, akijua ataniambia kwa upole sana, mzee, nenda ukapumzike, na nikipumzika mimi kufanya kazi, watu saba wanapumzika kula.

Sasa jino. Mwaka jana jino la chini upande wa kulia lilinitesa mpaka nikapiga nyundo kidole mara mbili kwa siku moja, Saa Ngapi akanipeleka mwenyewe kwa gari la kazi, akavuta kiti akakaa mlangoni mwa chumba cha kung'olea, mlango wazi, ili awahi kunirudisha. Daktari wa meno akaniuliza kama nina ugonjwa wowote, kama nachoma sindano au nameza dawa yoyote. Nikamtazama Saa Ngapi, Saa Ngapi akanitazama, nikasema sina kitu, mimi ni mzima kama nondo. Jino likang'oka, na kabla ya saa sita niko kazini.

Pengo halikufunga. Nikangoja mwezi, miezi miwili, ulimi ukaanza kugusa kitu kigumu, nikadhani ni kipande cha jino kimesahauliwa, nikakichokonoa kwa kijiti. Halikuwa jino, ulikuwa mfupa wa taya wenyewe umetoka nje unachungulia. Kisha usaha, kisha harufu. Mwenzangu wa kitanda cha pili, fundi mpaka rangi hapo jengoni, mtu mstaarabu, alihamishia mto wake upande wa miguu yangu akasema huko kuna hewa zaidi, na mtu akichagua miguu ya fundi wa zege badala ya mdomo wake, mshauri, ujue mambo yameharibika. Mke wangu naye kwenye simu akasema naongea kama mtu aliyeficha pipi shavuni, nikamwambia ni mtandao.

Ndipo nikaenda hospitali kubwa, nikapelekwa kwa daktari wa taya, dada mmoja wa rika la binti yangu wa pili, mpole, anasikiliza mpaka unaona haya. Aliniuliza mara tatu kuhusu sindano, mara ya tatu nikakubali, kwa kuwa Saa Ngapi hakuwepo. Akanieleza nikaelewa kabisa, maana ni kazi yangu: kwamba mfupa wa mtu mzima unabomolewa kidogo kidogo na kujengwa upya kila siku, na dawa ile inawazuia wabomoaji, jambo ambalo ni jema kwa mfupa wenye saratani, ila taya likijeruhiwa, kama kwa kung'olewa jino, linahitaji kubomoa na kujenga haraka, na mafundi wamezuiliwa, basi kipande kinakufa palepale.

Akanipa masharti. Nisukutue kwa dawa ya maji mara tatu kwa siku, nimalize vidonge vyote, niache sigara, nisiguse upande ule kwa kitu kigumu, na akanipa barua ndani ya bahasha niipeleke kwa daktari wa saratani, ili wao wawili waamue pamoja habari ya sindano. Akaniomba pia niingie kwenye utafiti wake. Anao wagonjwa arobaini wenye taya kama langu, anataka kujua ni mambo gani yanalisaidia kupona na ni yapi yanalizuia, na kila nikienda najaza karatasi yenye visanduku.

Mshauri, visanduku vile nimevijaza kama mtu anayeomba uchumba.

Sigara, umeacha? Nikatia alama ya vyema. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa navuta kumi, sasa tano, na hizo tano nazivutia upande wa kushoto, kana kwamba moshi haujui kukata kona. Kusukutua, mara tatu kwa siku? Vyema. Dawa ile inafanya chai iwe na ladha ya bomba, kwa hiyo nasukutua asubuhi ya kliniki tu, kwa bidii ya mtu anayefagia nyumba baada ya kusikia mgeni anabisha hodi. Vidonge? Vyema. Nilimeza siku tano, usaha ukapungua, vilivyobaki nikampa mpaka rangi kwa kikohozi chake.

Bahasha ipo kwenye begi langu, haijafunguliwa, mwezi wa nne huu. Niliogopa daktari wa saratani akiisoma atanikatia sindano, nami naikumbuka ile nyundo. Kwa hiyo kila mwezi naenda kuchomwa, muuguzi ananiuliza, baba, meno vipi, namwambia hayana neno. Kwa daktari wa taya nikatia vyema kwamba sindano imesimamishwa. Sasa hivi hospitali moja ina mgonjwa asiyechomwa sindano, nyingine ina mgonjwa asiyeumwa taya, wote wawili ni mimi na wote wawili wanaendelea vizuri, anayeumwa ni huyu wa tatu anayekuandikia.

Halafu misumari, na hii ndiyo inanitia aibu kuliko zote, maana sigara angalau ni kosa linalojulikana. Sisi wafunga mbao tunaweka misumari mdomoni. Mkono mmoja umeshika ubao, mwingine nyundo, msumari utakaa wapi? Mimi naweka kumi kwa mpigo, ndani ya shavu la kulia, na ulimi wangu una ufundi wa kuutoa mmoja mmoja, kichwa mbele, bila kuangalia, na ndiyo maana jengo zima wananiita Bohari. Nimefanya hivyo miaka thelathini. Ile misumari ina mafuta meusi ya kiwandani, mingine nimeiokota chini nikaipangusa kwenye suruali, na inakaa pale pale kwenye pengo, asubuhi mpaka jioni. Nilijaribu shavu la kushoto nikameza mmoja nusu, mpaka rangi akanipiga mgongoni ukarudi. Nilijaribu mfuko wa kiunoni, kila nikiinama unamwagika, na Saa Ngapi akaanza kuuliza saa ngapi kwa sauti nyingine.

Kwenye karatasi kuna swali la mwisho: je, kuna kitu kingine chochote kinachogusa au kukwaruza sehemu hiyo? Nikaandika, hakuna. Wakati naandika, ulimi ulikuwa na ladha ya chuma.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Wiki iliyopita daktari aliingia na wanafunzi saba, makoti meupe yamepigwa pasi, wakapanga mstari kuchungulia mdomo wangu kwa zamu. Daktari akaweka mkono begani kwangu akawaambia, "Mzee huyu amefanya kila tulichomwambia, hana kosa hata moja, na bado mfupa haufungi. Mgonjwa kama huyu ndiye anayetufundisha kwamba mara nyingine masharti yetu hayatoshi." Wanafunzi wakaniangalia kwa heshima, mmoja akaandika kwenye daftari. Mshauri, nimesifiwa mara chache sana maishani, na hii ilikuwa mara ya kwanza mbele ya watu wenye makoti. Niliitikia kwa kichwa kama mtakatifu.

Kisha akanieleza kwamba alikusudia kunikwangua kidogo tu, kuondoa kile kipande kilichokufa, lakini kwa kuwa kila sababu imeshaondolewa na kidonda bado kinakataa, anaamini uozo umekwenda ndani zaidi ya picha inavyoonyesha, kwa hiyo Alhamisi ijayo atakata kipande kirefu cha taya na kufunga chuma badala yake. Alisema hayo kwa huzuni, kama ameshindwa yeye.

Ndiyo swali langu. Nikimwambia kweli, namvunjia utafiti na moyo, na pengine atanifukuza, na nitakuwa nimewadanganya wale watoto saba. Nikinyamaza, nakatwa taya kwa sababu ya alama za vyema. Kuna siku najiambia ninyamaze nikatwe tu, angalau nitaondoka pale bado naitwa mgonjwa bora. Nimwambie, au nimwache afanye kazi yake?

Ni mimi, Bohari, fundi wa mbao za zege.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, fundi. Nimecheka kama ulivyoniruhusu. Nilicheka mpaka kwenye miguu ya zege na mto wa mpaka rangi, na nilipofika kwa wanafunzi saba nikaacha.

Uliandika namba ya simu nyuma ya bahasha ya barua yako, na kwa kuwa upasuaji haungoji gazeti, nilikupigia. Ulipokea, ukasema "Ngo," kisha nikasikia vyuma vikimwagika juu ya ubao, kisha ukasema halo. Nilipojitambulisha ukasema msimamizi anapita, utanipigia baadaye. Hukunipigia. Basi nakujibu hapa hapa, mbele za watu, na leo ni Jumatatu.

Utamwambia. Hilo si swali, na wewe unajua kwamba si swali, ndiyo maana uliandika kurasa nne badala ya mstari mmoja. Unasema unaogopa kumvunja moyo. Daktari huyo anakaribia kutoa mfupa kwenye uso wa mtu kwa kuamini karatasi, na mwenye karatasi ni wewe. Ukitaka kumhurumia, mhurumie hapo. Na hiyo ndoto ya kukatwa ukiwa umenyamaza ili ubaki mgonjwa bora, nimeisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Utakula kwa sifa hiyo? Utatafunia?

Tena hujafikiria wale thelathini na tisa wengine. Daktari anatafuta ni nini kinalisaidia taya kupona. Wewe umemwambia kwamba mtu anaweza kuacha sigara, kusukutua, kumaliza vidonge, kusimamisha sindano, asiguse kidonda, na bado asipone. Kesho kutwa ataingia mama mmoja mwenye tatizo kama lako, ajitese kuacha tumbaku, aulize kama inasaidia kweli, na yule mwanafunzi wa daftari akumbuke mzee mmoja asiye na kosa. Uongo wako umeshaandikwa kwa mwandiko wa watu wengine, fundi. Uufute kabla haujakauka.

Nilimuuliza mtaalamu wa kinywa anayetusaidia katika safu hii, bila kukutaja. Alisema nisikuahidi muujiza, nami sikuahidi. Yapo mambo katika kupona kwako ambayo hayako mikononi mwako: saratani yenyewe, miezi mingi ya sindano iliyokwisha kuingia, ukubwa wa kipande kilichokufa. Inawezekana ukaambiwa kweli yote na bado ukakatwa. Lakini tumbaku inakausha damu ambayo kidonda kinaisubiri, uchafu unakilisha kidonda, na kitu kigumu kinachosugua mfupa ulio wazi kila siku kinaweza peke yake kuuzuia usifunikwe. Alipofika kwenye misumari akasema katika miaka ishirini ameuliza wagonjwa habari za meno ya bandia, vijiti na mifupa ya nyama, na hajawahi kumuuliza fundi anaweka nini shavuni. Kuanzia wiki hii anauliza. Hicho ndicho utakachompa daktari wako, na hakimvunjii utafiti wake. Kitautengeneza.

Kuhusu bahasha, umeificha miezi minne ukiogopa jambo ambalo hata hujui kama limeandikwa ndani. Huenda wangesimamisha sindano kwa muda, huenda wangebadilisha dawa, huenda wangekwambia uendelee kwa sababu mgongo wako unaihitaji kuliko taya. Uamuzi huo una faida na hasara pande zote mbili, ndiyo maana unahitaji madaktari wawili wanaozungumza, si mgonjwa mmoja anayewagawa. Na usije ukakimbilia upande wa pili ukaacha sindano kwa akili yako baada ya kunisoma. Umeshaamua peke yako vya kutosha.

Kesho asubuhi usiende kazini. Mwambie msimamizi una miadi ya taya hospitali, hiyo ni kweli na inamtosha, nyonga na tezi zako hazimhusu, na ukihitaji siku za kupumzika daktari ataandika barua inayosema upasuaji wa mdomo na basi. Nenda na bahasha, nenda na vidonge vilivyobaki kama mpaka rangi hajavimaliza, na umwambie naye kwamba dawa ya taya la mtu si ya kifua chake. Mtaje muuguzi wa sindano na kliniki yake ili wapigiane simu ukiwa umekaa hapo. Taja zile sigara tano bila kuzipunguza, kwa sababu mtu atakayekulaza usingizi Alhamisi lazima ajue mapafu anayoyashika. Omba msaada wa kuziacha, upo, na watu wengi hawaachi kwa kujikaza peke yao.

Misumari itoke mdomoni leo, si baada ya upasuaji. Fundi aliyeniezekea nyumba alikuwa na sumaku ya spika kuukuu, ameishona ndani ya mkanda wa turubai na kuufunga kwenye kiganja cha mkono unaoshika ubao. Misumari inang'ang'ania hapo kama watoto kwa shangazi, haimwagiki ukiinama. Utakuwa mzito siku tatu, ya nne vidole vitajifunza kama ulimi ulivyojifunza. Jina la Bohari litabaki, hawana haja ya kujua ghala limehama.

Na umpigie mama watoto leo. Umwambie taya, umwambie Alhamisi. Kama hawezi kufika, achague yeye nani akae karibu nawe utakapoamka, maana hiyo ni haki yake na umemnyima kwa kusingizia mtandao.

Ukifika mbele ya daktari na maneno yakagoma, usijilaumu, kata ukurasa huu umpe asome. Kila alichokikosa kwenye visanduku kimo humu, na umekieleza vizuri kuliko unavyojidhania. Ataudhika. Mwache audhike, amestahili, usimkatize kwa kuomba msamaha haraka haraka. Akimaliza kusoma atakuuliza kama yote ndiyo haya au kuna lingine. Hapo usimpe karatasi. Mjibu kwa mdomo wako, ungali nao mzima.